Kufundisha Kiingereza Uganda: Kampala, Nakivale au shule ya bweni?

Mwl_Buhigwe:
Wakuu, habari zenu. Watu wengi wananiuliza pembeni: mwalimu wa Kiingereza kutoka Tanzania au Kenya akija Uganda, afundishe wapi? Naweka hapa ili kila mtu asome, na mliopo huku muongeze.

Kwanza tuelewane kuhusu wanafunzi. Sizungumzii Waganda, maana wao Kiingereza wanacho tangu shule ya msingi. Wanaotafuta mwalimu ni Wakongomani, Warundi, Wasomali na watu wa Sudan Kusini. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Juu ya hao kuna vijana wa Goma, Bukavu na Bujumbura wanaokuja kwa ajili ya lugha tu, kisha waingie chuo. Kwa Mkongomani wa mashariki na Mrundi wa mjini, Kiswahili chako ni mtaji. Akikwama anakuuliza papo hapo, na unamjibu akaelewa.

Kampala vituo vingi ni vya watu binafsi, hasa Katwe, Nsambya, Makindye na Kansanga. Vipindi ni asubuhi na jioni, mchana watu wako kwenye shughuli zao. Unalipwa kwa saa au kwa idadi ya wanafunzi. Darasa likijaa unaishi vizuri, ila halijai mwaka mzima. Vyuo vikifungua wanaondoka kwa mkupuo, na kodi ya nyumba haikusubiri. Mwenye kituo akikwambia "tutaelewana mwisho wa mwezi", mwombe aandike.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi wilaya ya Isingiro, kusini magharibi, unapitia Mbarara. Makazi hayo yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoingia Wanyarwanda. Usitarajie mahema. Familia zilipewa viwanja, watu wanalima, wana maduka, saluni na makanisa. Malipo ya mwalimu ni madogo na mara nyingi yanategemea mradi wa shirika. Mradi ukiisha, na mkataba umeisha.

Lakini kazi yenyewe iko kule. Mtoto aliyemaliza darasa la sita Kongo kwa Kifaransa anafika na kuwekwa P3, yaani darasa la tatu, kwa sababu ya Kiingereza tu. Nilikuwa na binti wa miaka kumi na minne aliyekaa benchi moja na watoto wa miaka minane, magoti yanagonga meza. Hesabu za sehemu alikuwa anazimaliza kabla sijaweka chaki chini. Nikileta swali la maneno, mama kanunua mafuta, kagawa robo kwa jirani, anainama, haandiki kitu. Nikawa nasoma swali kwa Kiswahili, tunalichora ubaoni, kisha nalirudia kwa Kiingereza neno kwa neno na yeye analitamka. Muhula haujaisha alikuwa anasoma maswali mwenyewe na kuwaeleza wenzake. Watoto wa namna hiyo ni wengi mno, na walimu wanaoweza kuwavusha kwa lugha yao ni wachache.

Shule ya bweni nasema kwa kifupi: chumba, chakula na mshahara wa kila mwezi. Posho (ugali wa huku) na maharage utavizoea. Ila unafundishia mtihani wa PLE (wa kumaliza msingi) au UCE (wa kidato cha nne), na nafasi ya kubuni chochote ni finyu.

Ushauri wangu: usiye na familia ya kulisha, anza Nakivale. Vitabu havitoshi, darasa ni kubwa, kwa hiyo utalazimika kujua namna ya kuwafanya watu waongee. Ukishaweza hilo, Kampala utafundisha popote.

Binti_Kakamega:
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo mwisho sikubaliani. Mwalimu anayewaza mwezi ujao atakula nini hafundishi vizuri, awe na familia au asiwe nayo. Mimi nilianza kwenye shule ya bweni upande wa Masaka, na jioni nikawa nafundisha watu wazima mjini kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Mshahara ulinipa utulivu, na wale watu wazima ndio walionifundisha kazi.

Jambo la pili ni vibali. Kuna wenye shule wanaokuambia "wewe ni wa Afrika Mashariki, huhitaji karatasi". Si kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2010 inakupa haki ya kutafuta kazi, na sisi Wakenya ada ya kibali iliondolewa, lakini kibali chenyewe lazima uwe nacho. Kinaombwa mtandaoni. Na ukiingia shule rasmi, Wizara ya Elimu inataka uandikishwe kama mwalimu, kwa hiyo njoo na vyeti halisi. Mwajiri niliyemwacha alikuwa ameshika vyeti vya walimu wawili wageni ili wasihame. Toa nakala, halisi baki nazo.

Bukavu_Wetu:
Miye nilikuwa upande wa pili, mwanafunzi. Nilisomea Nsambya, sasa nafanya kazi Kampala hapahapa. Acheni niwaambie walimu wetu mambo ambayo mwanafunzi haoni vizuri kuyasema darasani.

Sisi tuliosoma Kongo tuna Kifaransa cha shule. Mkitupa gazeti la Kiingereza tunaelewa mengi kwa kukisia, maana maneno yanafanana. Kinachotushinda ni sikio na mdomo. Mwalimu wangu wa kwanza alituandikisha nyakati za vitenzi mwezi mzima. Daftari lilijaa, na bado nilikuwa siwezi kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja. Aliyefuata, Mtanzania, alitupa igizo kila siku: wewe daktari, wewe mgonjwa, wewe dereva wa teksi anayekudai nauli zaidi. Swali unaruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili, jibu unatoa kwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipoanza kuongea.

Tena msiondoke katikati ya kozi bila kuaga. Mwanafunzi mkimbizi ameshaachwa na vitu vingi.

Na mkiingia darasani leo mtakuta watu wenye huzuni. Wengi walikuwa wanajifunza wakisubiri safari ya kuhamia Marekani, halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Mwezi huohuo Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23, na Februari Bukavu yetu. Wengine waliacha masomo. Wanaobaki wanataka Kiingereza cha kuishi hapa Uganda: cha kuomba kazi, cha kuongea na mwalimu wa mtoto, cha ofisini. Badilisheni mifano yenu. Msifundishe tena uwanja wa ndege.

Mwl_Kisenyi:
Nyongeza fupi kwa wanaofikiria wanafunzi wa Kisomali. Kisenyi, mtaa wa Kampala wenye Wasomali wengi, wengi hawana Kiswahili, kwa hiyo ule mtaji wa mleta uzi haupo. Akina mama wafanyabiashara wanalipa vizuri na wanahudhuria kweli, ila wanataka darasa lao peke yao na ratiba inayoheshimu saa za swala. Ukipanga kipindi kikagonga magharibi, umepanga darasa tupu.

Mwana_Jinja:
Karibuni Uganda, ndugu zetu. Mimi Msoga, nafundisha sekondari. Ukiwa Kampala usianze na Kiswahili kwa mtu usiyemjua, hasa mzee. Wengi kwao kilikuwa lugha ya askari na vizuizi barabarani, na kumbukumbu hiyo haijaisha. Anza na salamu ya Kiganda, "Oli otya, ssebo" (hujambo, bwana) au "nnyabo" (mama), upige goti kidogo ukiwa mwanamke kijijini, milango inafunguka.

Halafu mbona hakuna aliyetaja njia ya nne? Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima msingi na sekondari. Walimu hatuna wa kutosha. Mtanzania anayeweza kufundisha Kiingereza na Kiswahili, shule ya binafsi itamsikiliza haraka kuliko mwenye Kiingereza peke yake.

Mwl_Buhigwe:
Mwana_Jinja, hiyo sikuiweka na ni ya maana sana, asante. Binti_Kakamega, la vyeti naliunga mkono kabisa. Bukavu_Wetu, ule mfano wa bomba nitaupeleka darasani wiki hii.

Kuna aliyeuliza kama anaweza kufika Nakivale na kuanza kufundisha. Hapana. Makazi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na ruhusa inatoka huko. Njia rahisi ni kupitia shule au shirika ambalo tayari linafanya kazi ndani, wao wanakuombea. Ukitokea Bukoba, vuka Mutukula hadi Masaka, hapo panda basi la Mbarara. Fika na barua mkononi, siku ya kazi, asubuhi. Na jiandae kuona madawati matupu msimu wa kulima: msaada wa chakula umepunguzwa, watoto wanakwenda shambani na wazazi. Waliokosa nawarudishia masomo Jumamosi mchana. Anayekuja muhula ujao aniandikie, nahitaji wa kushirikiana naye hizo Jumamosi.