Naombeni ushauri, Japani kwa treni na mshkaji mwenye begi kubwa

Wakuu habari zenu. Mwezi wa nne mimi na mshkaji wangu tunaenda Japani siku kumi, Tokyo, Kyoto na Hiroshima, kote ni treni na mabasi maana teksi za kule hatuziwezi. Sasa kuna ile pasi ya treni ya watalii ya siku 7, 2023 ilipanda bei ikafika yen 50,000, mimi nimepiga hesabu Tokyo mpaka Kyoto kwa Shinkansen (zile treni zao za mwendo kasi) ni kama 14,000, hata tukiweka Hiroshima na kurudi Tokyo naona haifiki hiyo hela, ila mwenzangu kakomaa tununue tu eti asisumbuke na tiketi.

Halafu begi lake sasa! Juzi nimelipima kwa futi ya fundi, urefu upana na kimo ukijumlisha ni sentimita 171, na kule kwenye Shinkansen likizidi 160 lazima ubuki siti maalum mapema. Nasikia unaweza kulituma hotelini likakukuta kesho yake, kuna aliyewahi? Na mkikosana njiani kuhusu hela mnafanyaje, mana huyu namjua.