Bango langu limegeuzwa daraja la mtaro! Huyu msimamizi wa jengo anatuonaje wapangaji?

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Leo asubuhi nafika kufungua fremu yangu ya duka, nakuta bango langu limelazwa juu ya mtaro. LIMELAZWA. Watu wanapita juu yake kwenda kununua vocha. Duka lina jina la mama yangu, Mungu amlaze pema, na bodaboda ameegesha gurudumu juu ya herufi ya kwanza.

Aliyefanya mnamjua. Yule wa jengo la vioo vya bluu, mwenye funguo arobaini kiunoni, akishuka ngazi unadhani ng'ombe wa Monduli wanarudi na kengele zao. Waliowahi kupanga pale mnamjua, waliohama mnamjua zaidi.

Na sikukurupuka! Mkataba unasema bango liwekwe kwa ridhaa ya maandishi. Nikaandika barua. Akasema barua bila mchoro ni salamu. Nikaleta mchoro, futi 8 kwa 3. Akasema hauna rangi. Nikaleta wenye rangi. Akasema nyekundu imekolea, itawasumbua wapangaji wa juu. Wapangaji wa juu! Juu kuna popo na matenki ya maji. Nikageuza ikawa damu ya mzee. Akasaini, akagonga muhuri mpaka meza ikacheza. Nakala ninayo.

Nikaenda jiji kulipia kibali cha bango, futi za mraba 24, nikapewa kontroli namba, nikalipa kwa simu kabla sijatoka getini. Fundi akafunga na taa jana jioni. Liliwaka usiku mmoja, wakuu. Usiku mmoja!

Namuuliza kulikoni, ananijibu mkataba wangu unaishia kwenye kizingiti, ukuta wa nje si wangu. Namwambia si ulisaini? Anasema, "Nilisaini mchoro, sikusaini ukuta." Na anayasema hayo AMESIMAMA JUU YA BANGO. Viatu vina tope. Kodi ya miezi 6 kameza, ile asilimia 10 ya zuio, ya kukatwa kwenye kodi yake iende TRA, amekataa nisimkate nikailipa mwenyewe, na bado anasimama juu ya jina la mama yangu anachezea funguo!

Mzee wa Kaloleni: Weka picha. Uzi bila picha ni porojo.

Fundi Flexi: Pole mkuu. Mimi nafunga mabango mwaka wa tisa. Mchoro wako ulionesha jengo zima, sehemu litakapokaa na kimo kutoka chini? Au ulichora bango peke yake? Kibali cha jiji hakikupi ukuta wa mtu. Kila wiki nashusha mabango ya watu wenye risiti mkononi.

Mleta uzi: Fundi, mtu AMESIMAMA JUU YA JINA LA MAMA YANGU wewe unaniuliza kimo?

Fundi Flexi: Kwa hiyo ulichora bango peke yake.

Chalii wa Sakina: Futi 24 za damu ya mzee na taa juu yake. Mimi ningeingia kuulizia maini.

Mama Chapati: Pole mwanangu. Huyo huyo alinibandulia karatasi ya "chai ipo" mlangoni. Karatasi ya daftari! Akataka mchoro.

Mzee wa Kaloleni: Picha bado.

Mkazi wa Majengo, Moshi: Nyie wa Arusha mnadeka. Mimi bango langu la nguzo lilikuwa kando ya barabara kuu, wenye barabara wakalipiga X nyekundu. Sheria ya Barabara ya 2007, mita 30 kila upande kutoka katikati. Nimepima mwenyewe kwa kamba, mita 30 zangu zinaishia kwenye jiko, sufuria ziko ndani ya hifadhi ya barabara.

Babu Kiboriloni: Zamani ilikuwa 22.5. Sisi tulijenga kwa hesabu ya 22.5, barabara ndiyo iliyotufuata.

Chalii wa Sakina: Barabara ilikufuata Kiboriloni? Ilikuwa inatafuta nini huko?

Babu Kiboriloni: Kijana, nyumba yangu ina miaka mingi kuliko ukoo wako mjini.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Alisema alisaini mchoro hakusaini ukuta. Huu si uhuni?

Dada wa Njiro: Mabango nafuu. Tuzungumzie madalali. Nimelipa dalali kodi ya mwezi mzima kwa kunionesha fremu ambayo ina karatasi ya "INAPANGISHWA" na namba ya mwenye nyumba. Nilipita pale kila siku!

Mkazi wa Majengo, Moshi: Moshi dalali anakuonesha na anakununulia soda.

Chalii wa Sakina: Soda ya nani? Hela si yako?

Mama Chapati: Na wale wanaodai kilemba, hela ya kukuachia fremu, je? Unalipia mashelfu yaliyoliwa na mchwa.

Dada wa Njiro: Mama umenigusa. Mimi nililipia feni. Haizunguki.

Mzee wa Kaloleni: Feni bei gani?

Mgeni Mianzini: Samahani mleta uzi, hiyo fremu ukihama inakwenda kwa ngapi kwa mwezi? Naweka saluni.

Mleta uzi: SIHAMI.

Mgeni Mianzini: Sawa mkuu. Maji yapo ndani au ni choo cha pamoja?