Naomba ushauri: mfano wa chujio la mchanga, Hamburg na Altona 1892

Habari zenu wakuu. Tunaandaa meza ya maonyesho ya shule kuhusu kipindupindu cha mji wa Hamburg, Ujerumani, cha 1892, kilichoua watu wapatao 8,600. Kiini cha somo ni maji: Hamburg ilisambaza maji ya mto Elbe bila kuyachuja, na Altona jirani, iliyochota upande wa chini wa mto ambako maji yalikuwa machafu zaidi, iliyapitisha kwenye mchanga na haikuathirika hivyo.

Chujio letu ni ndoo ya lita 20, kipenyo 28 cm: changarawe chini, juu yake mchanga wa mto uliooshwa, koki chini. Kipimo cha Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza mlipuko huo, kilikuwa maji yasishuke zaidi ya 100 mm kwa saa, yaani kwa ndoo hii lita 6 hivi. Letu linatoa lita 20 kwa saa, tena maji yenye ukungu. Tumeosha mchanga mara nne, bado. Tukibana koki mwendo unafaa, ila siku nne shule ikifungwa maji yanakwisha juu na mchanga unakauka, na ule utando wa juu unaokamata vijidudu unakufa.

Naombeni mnisaidie mawili. Tuchekeche mchanga mwembamba zaidi, au tubane koki tu? Na je, tukipandisha mdomo wa bomba la kutolea hadi 5 cm juu ya mchanga, utando utavumilia siku hizo nne bila kumiminiwa maji mapya?

Natanguliza shukrani.