Oscar za jana: habari ya Lumumba imepita mbele ya macho yetu, na L'shi (Lubumbashi) nzima inabishana juu ya magauni!

Nina hasira tangu alfajiri. Nimengoja mpaka jioni nikidhani itatulia, haijatulia, basi naandika.

Nimesoma maoni yenu yote kuhusu tuzo za Oscar za usiku wa kuamkia leo Jumatatu, 3 Machi 2025. Demi Moore kaonewa kwa kukosa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mikey Madison aliyeipata bado mtoto. Gauni la fulani limemkaa vibaya. Adrien Brody, mwigizaji bora wa kiume, kaongea mpaka kachosha. Sawa, kila mtu na jicho lake. Lakini sijaona mtu hata mmoja wa mji huu aliyeandika jina la Lumumba. Hata mmoja! Na kuna mtu hapa, simtaji, aliyethubutu kuandika kwamba usiku ule haukuwa na kitu kinachotuhusu sisi Wakongomani.

Kwa wasiojua, maana naona ni wengi: katika filamu 5 zilizoshindania Oscar ya dokumentari ndefu, moja inaitwa Soundtrack to a Coup d'Etat, ya Mbelgiji Johan Grimonprez. Ni dakika 150 za jinsi Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, alivyoangushwa na kuuawa. Na kama mmesahau alifia wapi, niwakumbushe. Yeye na wenzake Mpolo na Okito walishushwa kwenye ndege hapa uwanja wa Luano tarehe 17 Januari 1961. Wakapigwa katika nyumba ya hapa hapa mjini. Usiku uleule wakapigwa risasi Shilatembo, upande wa barabara ya Likasi. Miili ikayeyushwa kwa asidi. Kilichorudi ni jino moja, Juni 2022, na wengi wenu mnaobishana leo mlitoka kulipokea lilipopita hapa, simu juu, mkipiga picha. Leo habari ya jino lile inafika mbele ya dunia nzima, na ninyi mko kwenye viatu na mikufu!

Niwaambie nilichokiona mwenyewe. Tulikuwa kwa jirani, Kamalondo, kwa sababu kwake dekoda imelipiwa na kuna jenereta. Sherehe ilianza saa 8 usiku kwa saa zetu. Baba mkwe wake, mzee wa makamo ya babu yangu, hakuja kwa ajili ya Oscar, ni usingizi tu ulimkataa. Mvua ilikuwa imenyesha, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, koti begani, mbabula ya makaa miguuni. Zilipofika dokumentari nikapaza sauti: hii, hii, tazameni! Shemeji alikuwa anaonyesha gauni la Ariana Grande kwenye simu, wamama wawili wameinamia simu ileile. Kijana wa nyumba alikuwa ametoka nje kutafuta mega za intaneti. Mzee peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

“Ni Patrice?”

Nikamwambia ndiyo, baba, ni Patrice. Akaanza kutafuta miwani, mfuko huu, mfuko ule. Alipoivaa, mshindi alikuwa ameshatajwa na watu wako njiani kupanda jukwaani. Akaivua, akairudisha mfukoni. Hakuna aliyemuuliza neno. Na mzee yule mwaka 1960 alikuwa mtoto hapa, mji ukiitwa bado Élisabethville, mwaka uleule Louis Armstrong alipokuja kupiga tarumbeta katika mji huu, mwezi wa Novemba, Lumumba akiwa amefungiwa nyumbani kule Léopoldville, Kinshasa ya leo. Filamu ile imejengwa juu ya jambo hilohilo: Marekani inatuma wanamuziki wake wa jazz waje kuchangamsha Afrika, huku nyuma majasusi wake wa CIA wanamchimbia kaburi waziri mkuu. Tulikuwa na shahidi wa enzi ile ndani ya chumba, na watu wanahesabu shanga za gauni.

Sasa nije kwenye sherehe yenyewe, maana nayo siiachi.

Waandaaji wanalalamika kila mwaka kwamba usiku ni mrefu. Mwaka huu wakaondoa nyimbo zinazoshindania tuzo, zisiimbwe jukwaani. Vizuri, tukafikiri wanaokoa muda. Kumbe muda ule wamempa James Bond! Densi, kisha nyimbo za zamani za James Bond, waimbaji Lisa, Doja Cat na Raye wakipokezana, na James Bond hakushindania kitu chochote usiku ule. Kisha Brody anapanda kuchukua Oscar yake ya pili, anaongea zaidi ya dakika 5, muziki unaanza kumtoa, anawaambia wauzime, wanauzima. Je, mtengeneza dokumentari angewaambia wauzime, wangeuzima? Watu wanaokaa miaka wakichimbua kumbukumbu za Umoja wa Mataifa, za Ubelgiji, za Marekani, wanasomewa majina haraka haraka na kipande cha picha cha kupepesa jicho. Hilo ndilo linaloniuma katika mpangilio wao: aliyekwisha kujulikana anaongezewa dakika, na asiyejulikana anakatiwa hata zile chache alizo nazo.

Kuhusu washindi, nisieleweke vibaya. Iliyoshinda dokumentari ni No Other Land, ya Wapalestina na Waisraeli waliopiga picha pamoja jinsi vijiji vya Masafer Yatta, Ukingo wa Magharibi, vinavyobomolewa. Ilistahili. Watengenezaji wake, Basel Adra na Yuval Abraham, walisimama pale wakasema mbele ya dunia kinachotokea kwao leo, na mtu aliyewahi kufukuzwa kwenye ardhi yake hawezi kuwaonea wivu. Anora, filamu bora ya mwaka, kuchukua Oscar 5 sina neno, filamu ya pesa kidogo, na mwongozaji wake Sean Baker kuondoka na 4 mkononi kwa filamu moja ni kazi. Paul Tazewell, mwanaume mweusi wa kwanza kushinda kwa mavazi, nilipiga makofi mpaka jirani akaniambia nitaamsha watoto. Filamu ya Emilia Pérez ndiyo sikuielewa, kutajwa mara 13, hadithi ya Mexico iliyopigwa Ufaransa, na Wamexico wenyewe wanaikasirikia. Tuyaache hayo.

Tutazame Brazil, hapo ndipo hasira yangu inapopandia.

I'm Still Here imeshinda filamu bora ya kimataifa, mara ya kwanza kwa Brazil katika kundi hilo. Inasimulia nini? Mwanasiasa, Rubens Paiva, anachukuliwa nyumbani kwake na wanajeshi mwaka 1971, harudi, na mwili haupatikani. Mke wake Eunice anabaki anadai ukweli miaka na miaka. Mtu kachukuliwa, mwili hakuna, familia inadai. Mnaisikia hiyo hadithi? Mnaifahamu? Na Wabrazil walifanya nini? Walijaza sinema. Walikuwa katikati ya karnivali Jumapili ile, na bado waliitazama Oscar kama wanavyotazama fainali ya Kombe la Dunia, jina likatajwa, mitaa ikalipuka. Hawakungoja mtu wa Los Angeles awaambie kwamba msiba wao una thamani.

Sisi tulikuwa na Lumumba mle ndani. Tumefanya nini? Hakuna hata nganda (baa) moja katika mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya au Katuba niliyosikia imewasha televisheni kwa ajili yake. Asubuhi redio moja ya hapa ikasoma habari za Oscar, magauni yakaanza, Anora ikafuata, na mtangazaji hakugusa kabisa kwamba filamu ya kifo kilichotokea karibu na studio yake ilikuwa kwenye orodha. Siitaji redio hiyo. Wanaosikiliza wanaijua.

Na msiniambie ni mara moja tu. Mwongozaji Baloji amezaliwa mji huu. Filamu yake Augure ilipata tuzo ya sauti mpya pale Cannes 2023, katika kitengo cha Un Certain Regard, na ilipofika safari ya Oscar ilipelekwa na Ubelgiji, kwa jina la Ubelgiji. Félicité, filamu ya mama mwimbaji wa Kinshasa, Lingala mdomoni mwake, ilipata farasi wa dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la sinema la FESPACO, 2017, kisha ikaenda Oscar kwa jina la Senegal. Siwalaumu Wasenegali, wala Wabelgiji kwa hilo, wao walijali wakaweka pesa na saini. Nauliza sisi tulikuwa wapi. Latvia, nchi ambayo Lubumbashi peke yake inaishinda kwa watu, imechukua Oscar ya katuni jana kwa Flow, filamu ya paka isiyo na neno hata moja la kusema, iliyotengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo kijana yeyote wa hapa anaweza kuishusha kwenye kompyuta yake.

Halafu Jumamosi, siku moja kabla ya Oscar, FESPACO ilifungwa kule Ouagadougou. Mnajua filamu iliyoshinda inaitwaje? Katanga! Katanga, la danse des scorpions, ya Dani Kouyaté wa Burkina Faso. Ni hadithi ya kwao, haihusu jimbo letu, lakini neno Katanga limetangazwa kuwa bora kuliko yote kwenye tamasha kubwa la sinema ya Afrika, na hapa Katanga sikuona uzi hata mmoja wa kuijadili kwenye kurasa zetu. Oscar ya Marekani tunakesha. Ya Waafrika wenzetu hatujui hata ilikuwa lini.

Najua jibu litakalokuja: filamu hizo tungeziona wapi? Hapo nakubali kabisa, na hapo hasira yangu inahamia kwa wakubwa. Mimi mwenyewe nimeiona ile ya Lumumba kwa sababu ndugu yangu yuko Brussels. Kumbi ambazo wazazi wetu walikuwa wanakwenda kutazama sinema, nyingi zimekuwa makanisa. Sean Baker alisimama jana akawaomba watu waende kutazama filamu sinema, pamoja, wacheke na walie pamoja. Nilimsikiliza nikiwa kwenye benchi la mbao mbele ya televisheni ya jirani, katika mji wa mamilioni ya watu. Shaba inatoka hapa, kobalti inatoka hapa, na ukumbi wa kumtazama Lumumba hakuna. Serikali ya jimbo, wenye makampuni, maaskofu wenye masalle (kumbi) makubwa, hakuna hata mmoja aliyesema: tuilete filamu hii, tuionyeshe siku tatu bure, wanafunzi waje. Filamu imezunguka Ulaya na Marekani, na njia ya kufika Shilatembo haijaipata!

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu siwaweki katika lawama hii. Goma imeanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari, na anayekesha kule hakeshi kwa Oscar. Ni kwa ajili yao pia ninachukia. Mwigizaji Daryl Hannah alipanda jukwaani akataja Ukraine. Adra na Abraham wakataja nchi yao. Mimi nilikaa mpaka mwisho, karibu saa 12 asubuhi, nikingoja mtu aseme neno kuhusu Kongo, na sikulisikia. Nani angelisema, kama sisi wenyewe kwenye kurasa zetu hatulisemi?

NYONGEZA, saa 3 usiku: nimesoma majibu, najibu mawili.

Yaya, mkubwa wangu, uliyeandika kwamba “filamu ni ya Mzungu, atapata faida yeye”. Nimekuelewa, na sikatai kwamba inauma kuona Mbelgiji ndiye anayesimulia. Lakini itazame kwanza. Ndani yake yumo In Koli Jean Bofane, mwandishi wetu, anasema kwa mdomo wake. Yumo Andrée Blouin, mama aliyefanya kazi na Lumumba, ambaye shuleni hapa hakuna mwalimu aliyenitajia jina lake. Wamo Max Roach na Abbey Lincoln, wanamuziki weusi wa Marekani walioingia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Februari 1961 wakapiga kelele kwa sababu ya mtu aliyeuawa hapa kwetu. Wao walipiga kelele New York, wewe uko Bel Air ya hapa mjini unaniambia haituhusu?

Na wewe mdogo wangu uliyeandika “hayo ni mambo ya zamani, sisi tunataka burudani”. Katikati ya zile picha za 1960, Grimonprez ameingiza tangazo la iPhone na tangazo la gari la Tesla. Unajua kwa nini. Baba yako anafanya kazi Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti, umeandika mwenyewe kwenye uzi mwingine.

Sasa nataka vitendo. Kwanza, mwenye projekta na mwenye ukumbi, hata salle ya parokia, ajitokeze hapa hapa. Pili, anayejua kuandika barua rasmi kwa Kifaransa aniandikie faraghani, tuwaombe wenye filamu ruhusa ya kuionyesha Lubumbashi, kwa njia halali, siyo kwa flashi ya kuazimana. Tatu, nataka mtu wa kutafsiri, akae pembeni na maikrofoni aseme kwa Kiswahili, kwa sababu yule mzee wa Kamalondo hasomi maandishi ya chini ya picha, na kiti cha mbele ni chake.

Anayetaka kuendelea na magauni, uzi wake uko juu huko, una kurasa nyingi.