Kruzi ya Karibiani na watoto pamoja na bibi: tupandie Galveston, Miami au San Juan?

MamaWatatu_Dallas

Habarini za leo wapendwa, natumaini wote wazima. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumeongea mpaka tumechoka. Tunataka kwenda kruzi (matembezi ya meli) ya Karibiani mwezi wa saba mwakani, usiku saba, tuko watu sita: mimi, baba watoto, kijana wa miaka 14, binti wa 8, mdogo wa miaka 2 ambaye bado yuko kwenye pampasi, na mama mkwe anakuja kutoka Moshi, magoti yanamsumbua hatembei mwendo mrefu. Machaguo ni haya:

A. Galveston, tunaendesha wenyewe kutoka Dallas, njia ya magharibi: Cozumel na Costa Maya (Mexico), Roatán (Honduras).
B. Miami, meli kubwa zile mpya, njia ya mashariki: St. Maarten, St. Thomas na kisiwa cha kampuni kule Bahamas.
C. San Juan, Puerto Rico, njia ya kusini, kila siku kisiwa kingine.

Kijana anataka B kwa sababu ya slaidi za maji, mume anataka A kwa sababu ya bei, mimi moyo uko C. Mama mkwe anasema popote twende tu. Waliokwenda na familia naomba mseme ukweli.

Baharia_wa_Katy

Dada karibu sana. Mimi ni mtu wa A na nakwambia kwa nini. Tiketi za ndege za watu sita kwenda Miami mwezi wa saba, weka na hoteli ya usiku mmoja maana huwezi kuruka asubuhi ileile ya kupanda meli (ndege ikichelewa meli haikusubiri), hiyo hela peke yake inaweza kukulipia chumba cha pili. Galveston unajaza gari, mwendo wa saa tano hivi na kusimama kula, unalipia paking'i basi. Na mzigo unabeba unavyotaka, pampasi za wiki nzima, uji wa mtoto, kiti cha magurudumu cha bibi, hakuna mtu wa kupima kilo.

Ubaya wa A usiufiche kwenye kikao cha familia: Galveston iko mbali na visiwa, kwa hiyo siku za bahari tupu ni nyingi, kwenda na kurudi. Kwa wengine ndio raha yenyewe, kwa mwenye mtoto wa miaka 2 ni kazi. Hapo ndipo unatakiwa kuangalia kampuni inapokea mtoto wa umri gani kwenye klabu ya watoto. Carnival wanapokea kuanzia miaka 2 na wahudumu wanabadilisha pampasi, Royal Caribbean klabu yao inaanza miaka 3 na mtoto awe ameshaacha pampasi, Disney wana chumba cha vichanga kuanzia miezi 6 ila unalipa kwa saa. Hili dogo linaamua kama wewe na mzee mtakula chakula cha jioni mkiwa mmekaa au mkikimbizana na mtu chini ya meza.

Binti_Pangani

Naunga mkono hoja ya klabu ila kwenye B naomba nitetee kidogo. Sisi tuko Orlando na tumepanda hizi kubwa na watoto, asikwambie mtu, kwa kijana wa 14 hakuna mfano. Icon of the Seas ya Royal Caribbean ilianza safari Miami Januari 2024, inabeba abiria mpaka 7,600 ikijaa, na kuna eneo zima la ghorofa moja wamewatengea wenye watoto wadogo, linaitwa Surfside, kuna sehemu ya maji ya vichanga, bembea, chakula hapohapo, mama unakaa sehemu moja unawaona wote. Mwenzake Star of the Seas anatokea Port Canaveral tangu Agosti 2025, karibu na kwetu huku.

Sasa upande wa pili. Bei iko juu sana ukilinganisha na meli za zamani kidogo. Na ukubwa wenyewe ni mtihani kwa bibi, kutoka chumbani mpaka bafe unaweza kupita korido ndeeefu halafu lifti, na shoo ikiisha kila mtu anataka lifti hiyohiyo kwa wakati mmoja. Kisiwa chao cha CocoCay meli inafunga gatini tangu 2019, kuna tramu ya kuwapeleka ufukweni, chakula kingi kimeshalipiwa kwenye nauli, ila lile bustani la slaidi kubwa unalipia pembeni na kwa siku za likizo sio hela ndogo. Mwambie kijana mapema ili asije akahesabu kuwa ni bure.

Mtu_wa_Kisauni

Wakubwa shikamooni. Naona C imeachwa peke yake, wacha niisemee. Dada moyo wako haujakudanganya. Puerto Rico ni eneo la Marekani kwa hiyo kutoka Dallas ni ndege ya ndani tu, hupigi foleni ya uhamiaji ukifika. Fika siku mbili mapema ukae San Juan ya kale. Pale El Morro, ngome ya Wahispania walioanza kuijenga 1539, kuna uwanja mkubwa wa nyasi mbele unaoangalia bahari, jioni familia zinakuja kurusha tiara, upepo hauishi. Mtu aliyekulia karibu na Fort Jesus akisimama pale anajihisi nyumbani kabisa, ukuta, mizinga, bahari chini.

Halafu visiwa vyenyewe. Barbados, St. Lucia, Antigua, hawa ni watu wetu na utaliona hilo sokoni kabla mtu hajakueleza. Mimi mama yangu alisimama kwenye meza ya mama mmoja St. Lucia akaona shelisheli limechomwa juu ya makaa, ngozi nyeusi tii, wanalikata nusu wanatoa ule moyo wa katikati wanakula na samaki. Mama akaguna, akalishika, akauliza bei kwa mikono, wakacheka wote wawili. Shelisheli kule lililetwa na Waingereza kwa meli kutoka Tahiti, likafika St. Vincent 1793, nia ikiwa ni chakula cha bei rahisi cha kuwalisha watumwa. Ukwaju upo, madafu yapo, muhogo upo, na Jamaica wali na maharage unapikwa kwa tui la nazi. Mtoto wako wa 8 atajifunza kitu ambacho slaidi ya maji haitamfundisha, na bibi atakuwa na la kusimulia Moshi.

Kama mtapata njia inayoshuka mpaka Curaçao, mkae tu kwenye benchi pale Willemstad muangalie lile daraja la Queen Emma linavyofunguka kando meli ikitaka kupita, lipo tangu 1888. Halihitaji magoti hilo.

Bi_Ukwaju

Kisauni umenitoa machozi mwanangu. Lakini mimi naongea kama mtu anayesafiri na mama wa miaka themanini na, na namwambia MamaWatatu aangalie jambo moja ambalo watu hawaliangalii: meli inafunga gatini au inatia nanga mbali? Grand Cayman na Belize City meli haifiki, inatia nanga baharini halafu mnapandishwa boti ndogo kuvushwa. Boti inacheza, meli inacheza, na mzee anatakiwa avuke pale katikati. Siku bahari imechafuka mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuambiwa abaki. Cozumel, Costa Maya na Roatán meli zinafunga gatini, kwa hiyo A kwa bibi iko vizuri, ingawa gati la Costa Maya ni refu na jua ni kali, hapo kiti cha magurudumu ni lazima hata kama anasema anaweza.

Chumba cha bibi: omba chumba cha wasiojiweza mapema kabisa kwa kuwa ni vichache. Vyumba vya kawaida mlango wa choo una kizingiti cha kuinua mguu, usiku meli inatikisika kidogo mzee anaamka kwenda haja, hapo ndipo watu wanaanguka. Vyumba maalumu sakafu iko sawa, kuna vyuma vya kushikilia na kiti cha kuogea.

Na kwa wale Waislamu wanaosoma, halali inategemea kampuni, andikeni barua pepe wiki nyingi kabla ya safari, halafu siku ya kwanza mkiingia muoneni msimamizi wa chumba cha kula muongee naye uso kwa uso. Sisi tulikula samaki, mboga na mayai muda mwingi na hatukupungukiwa. Jeli na pudini ulizeni zimetengenezwa na nini. Kibla tulikuwa tunaangalia ile chaneli ya televisheni ya chumbani inayoonyesha ramani na uelekeo wa meli, maana meli inageuka na ukitumia dira ya simu ndani ya chuma inakuzungusha.

Zamani_Jikoni

Nimefanya kazi jikoni kwenye hizi meli, mimi ni wa Likoni, kwa hiyo nitaongezea yale ya ndani.

Vyumba: watu sita hamuingii chumba kimoja, kawaida mwisho ni wanne. Chukueni viwili vyenye mlango wa katikati. Kama kuna anayetapishwa na bahari, katikati ya meli na ghorofa za chini ndio kunatulia, mbele kabisa na juu kabisa ndio kunarushwa. Kitanda cha mtoto mdogo huwa ni bure ila uombe kabla.

Bakshishi: kampuni nyingi zinakata zenyewe karibu dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, na mara nyingi mtoto naye anahesabiwa. Watu sita siku saba hiyo ni zaidi ya dola 670, iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo. Naona watu wengine wanaenda kaunta kuifuta. Jamani msifanye hivyo. Yule anayetandika kitanda chenu amesaini mkataba wa miezi mingi, anafanya kazi kila siku bila wikiendi, na ile hela ndiyo ada ya watoto Mombasa, Manila na Goa. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu naijua ile mishahara.

Kunawa mikono: sabuni na maji, kila mnapoingia bafe. Ile jeli ya mlangoni haiui vizuri virusi vya kuharisha vinavyosambaa melini. Watoto wasiguse vijiko vya pamoja, mpakulieni nyinyi.

Na simu ziwekeni hali ya ndegeni kabla meli haijatoka bandarini. Mtandao wa simu wa baharini ni ghali mno na bili inakuja mkiwa mmesharudi.

Baharia_wa_Katy

Zamani_Jikoni heshima yako mkuu. Niongeze karatasi. Watoto wakiwa raia na safari inaanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani, cheti cha kuzaliwa kinakubalika, ila pasipoti ni bora zaidi, maana mkiachwa na meli kisiwani mtarudi kwa ndege na ndege haitaki cheti. Wenye grini kadi beba kadi yenyewe na pasipoti ya nchi yako. Mama mkwe viza yake ya Marekani lazima iwe ya kuingia mara nyingi, kwa sababu akitoka na meli anahesabiwa ametoka nchini. Mexico wanamkubali mwenye viza hai ya Marekani. Honduras na visiwa vingine piga simu kwenye kampuni ya meli muulize kwa pasipoti ya Tanzania, na jibu ulipate kwa maandishi. Karatasi ikikosekana getini mtu habebwi na hela hairudi.

Mtu_wa_Kisauni

Kuhusu vimbunga pia. Msimu ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba, ila kilele ni kuanzia katikati ya Agosti mpaka Oktoba, Julai bado kuna afadhali. Meli yenyewe inakwepa, mnachopoteza ni bandari, mnaweza kuahidiwa St. Maarten mkajikuta Mexico. Bima kateni mapema, kimbunga kikishapewa jina huwezi tena kukatia bima kwa ajili yake. Curaçao na Aruba ziko kusini, vimbunga huwa havizipiti sana.

MamaWatatu_Dallas

Wapendwa Mungu awabariki, nimesoma kila neno na mume amesoma. Kizingiti cha choo na boti za kuvusha ndivyo vilivyotuamulia, hatukuwa tumeviwaza kabisa. Tunakwenda A, vyumba viwili, cha bibi kile maalumu, na C tumeiweka kwa ajili ya mdogo akishakua. Kijana amekubali baada ya kuona hata meli za Galveston zina slaidi. Maswali mawili ya mwisho: mdogo wa pampasi anaruhusiwa kwenye bwawa? Na Cozumel twende wapi na bibi pasipo safari ndefu?

Binti_Pangani

Bwawani haruhusiwi, hata zile pampasi za kuogelea, ni sheria ya afya na wanaisimamia. Baadhi ya meli zina sehemu ya maji ya kurukaruka wanayoruhusiwa vichanga, uliza kwa jina la meli kabla hujalipa. Siku za bandari ndio atacheza na maji ya bahari mpaka achoke.

Bi_Ukwaju

Cozumel msihangaike na Tulum, yale magofu ya kale ya Wamaya, ni kuvuka kwa feri mpaka bara halafu basi, magoti yale hayatafika. Chukueni teksi mpaka ufukwe wa upande wa magharibi, Chankanaab ni karibu, kuna vivuli na njia za kutembea. Upande wa mashariki mwezi wa saba mwani unajaa, unanuka na watoto hawaogi. Costa Maya nako mwani unasumbua, huko bakini kwenye bwawa la bandarini. Muda wa kurudi fuateni saa ya meli, simu inaweza kujibadilisha yenyewe kufuata saa ya kisiwa, kwa hiyo mvalisheni baba watoto saa ya mkono. Na begi dogo la mkononi siku ya kupanda liwe na nguo za kuogelea, dawa za bibi na pampasi, maana masanduku yanaletwa chumbani jioni.

Zamani_Jikoni

Mkishalipa andika hapa jina la meli, nitakuangalizia kwenye ramani ya ghorofa vyumba vipi viko chini ya jiko au ukumbi wa dansi, bibi asije akasikia makelele usiku.