Hivi kwenye barafu ukishindwa kucheza peke yako ndo unapelekwa kucheza wawili?

babaNeema_Tandika
Wakuu habari za jioni. Leo nilikuwa kwa kinyozi nasubiri zamu, tv inaonyesha ule mchezo wa kuteleza kwenye barafu, nikakodoa macho hadi zamu ikanipita. Jamaa kambeba dada juu ya kichwa kwa mkono mmoja huku anateleza, mara akamrusha kule, dada kazunguka hewani katua na mguu mmoja, anacheka! Mtangazaji akasema zamani huyo dada alikuwa singo, yaani anacheza peke yake. Sasa inakuwaje mtu anahama singo anaenda pea, kucheza wawili, ni kushuka daraja au? Binti yangu ana miaka 8, kutwa yuko na viatu vya matairi hapa mtaani, maswali yake siyawezi.

shangazi_kgb
Kushuka wapi baba Neema. Kristi Yamaguchi wa Marekani alikuwa anacheza vyote viwili, singo mwenyewe na pea na Rudy Galindo, wakabeba ubingwa wa Marekani 1989 na 1990. Ikamlemea akaacha pea, akachukua dunia 1991 na 1992 na dhahabu ya Olimpiki hiyohiyo 1992 kule Albertville. Mi roho iliniuma kwa Galindo jamani, kaachwa solemba, watu wameshamsahau, 1996 huyo kaibuka bingwa wa Marekani wa singo, tena nyumbani kwao San Jose.

Mzee wa Kijiwe
Pea ni roho mkononi. Singo ukidondoka umedondoka mwenyewe, huku unazunguka mwenzio yuko pembeni yako na chuma mguuni. Jessica Dubé wa Kanada 2007 kiatu cha mwenzake kilimchana shavu na pua, damu barafu nzima. Mwaka uliofuata haohao wawili wakachukua shaba ya dunia.

dogo_sinza
Mtafuteni Vanessa James nyie, alikuwa bingwa wa singo Uingereza akahamia Ufaransa kwenye pea, Vancouver 2010 yeye na Yannick Bonheur ndo pea ya kwanza ya weusi watupu Olimpiki. Mi nilimaliza bando lote kwa huyu dada

babaNeema_Tandika
Shangazi asante, Mzee wa Kijiwe wewe umenitisha aisee. Ila miaka 8 si keshachelewa? Wale wanaanza na 3

shangazi_kgb
Kuchelewa? Deanna Stellato-Dudek alishika nafasi ya pili dunia ya vijana 2000, singo, nyonga zikamsumbua akaacha kabisa, akawa anahudumia ngozi za watu. Kakaa miaka kama 16 ndo karudi, safari hii pea, na 2024 pale Montreal yeye na Maxime Deschamps wakawa mabingwa wa dunia, mama ana miaka 40.

babaNeema_Tandika
Nimemsomea mama Neema hiyo ya miaka 40. Yeye ana 36. Kaniuliza viatu vya matairi namba saba na nusu vinauzwa wapi Kariakoo, na nani atamrusha 😂

Mzee wa Kijiwe
Anza mazoezi ya kunyanyua gunia mkuu