Super ya kawaida, V-Power, Excellium au dawa ya chupa kwa gari la turbo? (Nakuru–Kisumu)

Turbo_wa_Lanet
Wadau, habari za jioni. Wiki hii nataka kumalizana na jamaa wa Eldoret anayeuza gari la turbo, na kabla sijatoa pesa nataka kujua nitakuwa nalinywesha nini. Naishi Nakuru, kazi inanipeleka Kisumu mara kwa mara. Wengine wananiambia Super ya kawaida inatosha, wengine wanasema bila V-Power ya Shell au Excellium ya Total, zile petroli za bei ya juu, nitaua injini, na kuna fundi mmoja ananisukumia zile chupa za kuongeza oktani (uwezo wa petroli kubanwa bila kujiwakia). Tofauti ya bei kwa tanki zima si ndogo. Ninyi mnatumia gani?

Fundi_Kibuye
Turbo gani? Forester, GTI, Evo? Mwaka gani? Ya Japani au ya Uingereza? Kompyuta ya injini imeguswa au iko kama ilivyotoka kiwandani? Bila hayo kila mtu hapa atakujibu kuhusu gari lake mwenyewe.

Dada_wa_GTI
Fungua kifuniko cha tanki usome, kila kitu kimeandikwa pale. Golf yangu ni Mk6, imeandikwa RON 95 (hiyo ni namba ya oktani) kwenda juu. Hapa Kisumu naweka V-Power tu, kituo kimoja, na gari halijawahi kunisumbua. Ukishindwa na bei ya mafuta, turbo si yako.

Bomba_Nakuru
Tusitishane na bei. Mafuta yote ya nchi hii yanaletwa yakiwa yamesafishwa tayari. Mtambo wa Changamwe uliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Meli inashusha Mombasa, yanapita kwenye bomba la KPC, kampuni ya mabomba ya mafuta, hadi bohari za Nakuru, Eldoret na Kisumu, na kampuni kubwa na ndogo zinachota humo humo. Super ya kituo chenye taa nyingi na Super ya kituo cha mtaani ni maji ya mto mmoja. V-Power na Excellium zinatofautiana nayo kwa dawa ya kusafisha injini. Pia kumbukeni ile bei ambayo EPRA, mdhibiti wa nishati, inatangaza kila tarehe 14 ni ya Super, dizeli na mafuta ya taa. Hizi za juu kampuni inajipangia yenyewe.

Fundi_Kibuye
Bomba, hapo kwenye bohari niko nawe. Lakini kati ya bohari na tanki la mteja kuna lori, kuna tanki la ardhini, na kuna mwenye kituo. Mambo yanaharibikia hapo.

Dada, kwa heshima, injini ya Mk6 inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ile dawa ya kusafisha inasaidia nozeli, lakini valvu za kuingiza hewa haizifikii kabisa. Nimefungua nyingi za aina hiyo zikiwa na masizi mazito na mwenyewe anaapa hajawahi kuweka Super. Endelea na mafuta hayo, ila valvu zitahitaji kusafishwa kwa mkono siku moja.

Dada_wa_GTI
Nimekusikia fundi, lakini RON 95 iliyoandikwa pale si ya mapambo.

Fundi_Kibuye
Si ya mapambo hata kidogo. Ndiyo maana nasema usafi ni jambo moja na oktani ni jambo lingine. Ukiambiwa mafuta ni ya daraja la juu, uliza namba ya RON ya hiyo shehena. Meneja mzuri anaweza kukuonyesha karatasi.

Turbo_wa_Lanet
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa barabarani. Ni Subaru Impreza WRX STI, umbo la GRB, 2011, ya Japani. Mwenyewe anasema bomba la moshi limefunguliwa na kompyuta ilityuniwa Nairobi, "stage 2", yaani ilipangwa upya kuongeza nguvu. Makaratasi ya tyuni hana.

Fundi_Kibuye
Ulipaswa kuanza na hayo!

Sasa tuongee. Injini yake ni EJ207. Mgandamizo wake ni 8.0 kwa 1, uko chini kwa sababu turbo ndiyo inayobana hewa. Japani wana daraja mbili: ya kawaida haishuki oktani 89, na ya juu haishuki 96, ingawa kwenye pampu huuzwa ikiwa karibu 100. STI iliundwa kwa hiyo ya juu. Kwa hiyo hata ikiwa haijaguswa, hapa kwetu tayari inakunywa kitu kilicho chini ya kile ilichozoeshwa.

Watu wanadhani oktani ni nguvu. Oktani ni uvumilivu. Petroli yenye oktani ndogo ikibanwa na kupashwa moto inawaka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na ule mlipuko unagonga kichwa cha pistoni. Sensa ikisikia, kompyuta inarudisha moto nyuma (plagi inawasha kwa kuchelewa), gari linakuwa zito, mafuta yanaliwa zaidi. Gari la kiwandani litajilinda hivyo. Gari lililotyuniwa na mtu aliyetafuta nguvu hadi mwisho halina pa kurudi. Swali lako la kwanza kwa muuzaji liwe: lilityuniwa likiwa na mafuta gani ndani? Kama ni V-Power, hiyo ndiyo utaweka daima. Kama hajui, irudishe kompyuta kwenye mipangilio ya kiwandani kabla hujaikanyaga.

Mzee_Timboroa
Vijana, mnasahau mwinuko. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Eldoret kama 2,100. Hewa ni nyepesi, silinda haijai kama Mombasa. Ndiyo maana magari yetu huku hayagongi na Super. Nimeendesha miaka mingi bila hizo anasa.

Fundi_Kibuye
Mzee, kwa gari lisilo na turbo uko sahihi kabisa. Turbo inaongeza mzunguko mpaka ipate shinikizo aliloagiza aliyetyuni, na hewa inaingia ikiwa ya moto zaidi kwa sababu imesukumwa zaidi. Nafuu ipo, lakini si ya kuitegemea. Halafu huyu anashuka Kisumu, mita 1,100 na kitu, joto la ziwani, kisha anarudi na kupanda kutoka Awasi hadi Kericho nyuma ya malori akiwa na gia kubwa. Hapo ndipo EJ inapogonga.

Mzee_Timboroa
Basi apunguze gia.

Fundi_Kibuye
Hilo nakubali, na ni la bure.

Shinyalu_XT
Niwaeleze yaliyonipata, kwa sababu mnabishana kuhusu daraja na mimi niliuliwa na kituo.

Mnakumbuka ule uhaba wa mafuta wa Aprili 2022, vituo vya huku magharibi vikawa na foleni hadi barabarani. Nilikuwa na Forester XT, Subaru ya turbo, haijaguswa popote. Usiku nikapata kituo kimoja (sitakitaja) kina petroli, lori limetoka kushusha muda si mrefu. Watu tulishangilia. Nikajaza tanki. Mashine ya risiti wakasema haina umeme.

Asubuhi nikashika njia ya Chavakali kwenda Kapsabet. Kufika milima ya baada ya Kaimosi nasikia sauti kama kokoto ndani ya kopo. Nguvu hakuna. Nikapunguza mwendo nikidhani ni plagi. Taa ya injini ikawaka, ikaanza kupepesa. Nilifika Kapsabet gari linatetemeka lote. Fundi wa pale akatoa mafuta kidogo kwenye chupa ya maji ya plastiki akaiweka juani. Chini kulikuwa na maji, yanaonekana kabisa yamejitenga, na juu ile harufu ya taa ya chemli. Tukamwaga tanki lote. Tukabadilisha filta na plagi. Ikawaka, lakini silinda ya nne mgandamizo ulikuwa umeshuka. Ilipofunguliwa, pistoni ilikuwa imevunjika pale ringi zinapokaa.

Injini nilinunua kwa mkopo wa chama. Nilirudi kwenye kile kituo, wakaniuliza risiti iko wapi. Nilitaka kulia. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuchanganya kusiwe na faida, na EPRA inatia alama kwenye mafuta ya taa na yale ya kupita kwenda nje ili wapimaji wayakamate. Lakini kwenye uhaba, nani anapima usiku?

Tangu hapo kwangu kituo kwanza, jina la mafuta baadaye. Kituo chenye magari mengi, risiti mkononi, na nikikuta lori linashusha napita, maana linakoroga uchafu wa chini ya tanki.

Dada_wa_GTI
Pole sana ndugu. Hiyo inauma.

Bomba_Nakuru
Pole Shinyalu. Ila hilo la lori, mimi naona ni hofu ya zamani. Pampu zina filta.

Shinyalu_XT
Filta inazuia mchanga. Mafuta ya taa inazuia vipi?

Kisian_Evo
Naona chupa hamjaziongelea. Turbo, kuwa makini na zile zinazoandika "pointi 3". Mara nyingi pointi ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hiyo 3 ni 0.3. Unalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho injini haitakisikia. Na nyingine zina madini yanayoacha rangi nyekundu kwenye plagi.

Mimi ningependa ethanoli. Miaka ya 1980 nchi hii ilichanganya petroli na spiriti ya molasi kutoka Muhoroni, hapa hapa kwetu. Ile E85 ya Marekani, yenye ethanoli hadi asilimia 85, inavumilia kubanwa kuliko petroli yoyote ya pampu zetu. Miwa tunayo!

Mzee_Timboroa
Naikumbuka. Kabureta zilisumbua, watu walilalamika sana.

Kisian_Evo
Mzee, kabureta hazipo tena. Injini za leo zinapima zenyewe.

Fundi_Kibuye
Zinapima, lakini nozeli lazima ziwe kubwa maana ethanoli inaliwa zaidi. Mipira ya zamani ya njia ya mafuta inaharibika, na ethanoli inavuta maji. Kwa joto na unyevu wa Kisumu gari likikaa bila kuendeshwa utajuta.

Turbo_wa_Lanet
Asanteni wote. Jumamosi naenda Eldoret kuliona. Nimempigia muuzaji, anasema aliyetyuni alihamia Mombasa na huwa anaweka "yoyote iliyopo".

Fundi_Kibuye
"Yoyote iliyopo" kwenye stage 2? Peleka mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta, umwombe aangalie moto umerudishwa kiasi gani, na mpime mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa moto. Akikataa kupimwa, rudi Nakuru na pesa zako.

Dada_wa_GTI
Au ununue GTI.

Shinyalu_XT
Nunua STI, dada tuachie.

Kisian_Evo
Fundi, hiyo mipira ya zamani, ya Evo IX ni miongoni? Nataka kujaribu mchanganyiko kidogo tu.

Fundi_Kibuye
Fungua mada yako, na uanze kwa kutuambia pampu ya mafuta ni ya ukubwa gani.